Kadi Mbili, Mwili Mmoja: Mwongozo Kamili wa Kudhibiti Kisukari Ukiwa Unatumia ARV

"Dawa zote nameza, mbona sukari haishuki?" Swali hili linanifikia kwa sura nyingi. Mmoja alianza metformini, kidonge cha kushusha sukari, akaharisha mpaka akaiacha. Mwingine aliambiwa kipimo chake ni kizuri, miezi michache baadaye akazindukia wodini. Ukiwahoji taratibu, karibu wote wana kisa kimoja: CTC, yaani kliniki ya VVU, hawajui mgonjwa anachomeza kutoka kliniki ya sukari, na kliniki ya sukari hawajui kwamba ana kadi ya CTC. Kadi mbili, na kila moja inamtibu nusu mtu.

Mwongozo huu ni kwa mtu mzima mwenye kisukari cha aina ya 2 anayetumia ARV (dawa za kufubaza VVU), hasa TLD, kile kidonge kimoja kwa siku ambacho wengi Tanzania na Kenya wanameza sasa. Mjamzito, mtoto na mwenye kisukari cha aina ya 1 wana taratibu zao. Na, ukiacha kusimamisha metformini siku ya kuugua (Hatua ya 8), hakuna hatua hapa inayokupa ruhusa ya kubadilisha dozi mwenyewe. Nyingi zinakupa maswali ya kwenda nayo kwa daktari.

## Vitu vya kuandaa

- Kadi zote mbili, ya CTC na ya kliniki ya sukari.
- Dawa zote ulizonazo nyumbani, na makopo yake. Zote, pamoja na za presha, za vidonda vya tumbo, za kienyeji na zile za maumivu ulizonunua duka la dawa.
- Daftari dogo na kalamu.
- Mashine ya kupimia sukari (glukomita) na stripu zake. Kabla hujanunua mashine, uliza bei ya stripu. Mashine hununuliwa mara moja, stripu ndizo zinazokula hela.
- Lanseti, vile visindano vya kutobolea kidole. Ni zako peke yako, hata mke au mume hashiriki.
- Chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, kama ya dawa ya madoa, ya kutupia lanseti na sindano zilizotumika.
- Sukari ya mezani vijiko vitatu vya chai, imefungwa vizuri kwenye karatasi. Inakaa mfukoni au kwenye mkoba siku zote.
- Kioo kidogo cha mkononi.
- Kama unatumia insulini na huna friji: vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine, na mchanga.

## Hatua ya 1: Andika dawa zote kwenye ukurasa mmoja

Fungua daftari, andika jina la kila dawa, miligramu zake, na saa unayomeza. Usiandike "kidonge cheupe kikubwa". Nakili jina lililo kwenye kopo.

Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa sababu wamebandua karatasi ya kopo la ARV ili mgeni asisome, au wamehamishia vidonge kwenye chupa ya vitamini. Nawaelewa. Lakini ukifika umepoteza fahamu, hakuna daktari atakayejua umemeza nini. Kopo lifiche, ila jina la dawa liwe kwenye daftari. TLD ni tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Ukipenda andika herufi tatu hizo tu. Mhudumu wa afya atazielewa, jirani hatazielewa.

Ukurasa huo unaonyeshwa pande zote mbili, kila ziara. Kama unaona haya kuitaja hali yako mbele ya foleni ya kliniki ya sukari, subiri uingie chumba cha daktari na umpe daftari asome mwenyewe. Huhitaji kutamka neno.

Umefanikiwa ukiona: daktari wa sukari ameandika "TLD" kwenye faili lake, na CTC wameandika dawa zako za sukari kwenye faili lao.

## Hatua ya 2: Hakikisha umepimwa kwa kipimo kinachosema kweli

Hatua hii ndiyo imewapoteza wengi kuliko zote.

Kliniki nyingi hupenda kipimo kiitwacho HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita. Kinafanya kazi kwa kuangalia sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida huishi siku 120 hivi. Chembe zikifa mapema, au zikiwa bado changa, sukari haijapata muda wa kuganda. Jibu linatoka dogo kuliko ukweli.

Kwa mtu anayeishi na VVU hili hutokea mara kwa mara. Baadhi ya ARV, kama zidovudini na abakaviri, zinahusishwa na majibu ya HbA1c yaliyo chini ya hali halisi. Upungufu wa damu unaotokana na chembe kuharibika, na selimundu, huleta kosa hilohilo. Basi mtu anaambiwa HbA1c yake ni asilimia 6.2, anafurahi, huku sukari yake ya asubuhi ni 9 mmol/L.

Omba upimwe sukari ya damu ukiwa hujala. Masaa yasipungue 8 tangu ulipokula mara ya mwisho. Maji ruksa, ARV kwa maji ruksa. Chai ya maziwa, hata bila sukari, si ruksa: maziwa nayo yana sukari yake.

Majibu yasome hivi:

- Hujala, 7.0 mmol/L au zaidi: kisukari. Kama huna dalili yoyote, kipimo kirudiwe siku nyingine kabla ya kukupa jina la ugonjwa.
- Wakati wowote, 11.1 mmol/L au zaidi, pamoja na kiu kali, kukojoa sana na kukonda: kisukari.
- Mashine inayosoma mg/dL: gawanya kwa 18. Hivyo 126 ni sawa na 7.0.

Sasa onyo. Dalili za sukari iliyopanda na dalili za VVU vilivyoamka zinafanana kama mapacha: kukonda, kuchoka, fangasi mdomoni au sehemu za siri, vidonda visivyopona. Nimeona mtu akihojiwa wiki nzima kama anaruka dozi za ARV, kumbe hakuna aliyemtoboa kidole. Na kinyume chake kipo. Ukikonda bila sababu, vipimwe vyote viwili, sukari na kiwango cha virusi, siku hiyohiyo.

Pia, watu wachache wanaohamishiwa dawa yenye dolutegraviri hupandisha sukari ghafla, wengine ndani ya wiki au miezi michache. Madaktari wa Kampala waliripoti wagonjwa wa namna hiyo mwaka 2020. Ni wachache sana ukilinganisha na mamilioni wanaoimeza salama, kwa hiyo usiiache. Ila kama umeanza TLD karibuni na unaamka kukojoa mara nne usiku, usingoje tarehe ya kliniki.

Umefanikiwa ukiona: kwenye daftari una angalau majibu mawili ya sukari ya asubuhi hujala, yenye tarehe, kabla dozi yoyote haijaongezwa au kupunguzwa.

## Hatua ya 3: Jipime nyumbani bila kujidanganya

1. Nawa mikono kwa maji na sabuni, kausha kabisa. Ukimenya embe kisha ukajipima, mashine itapima embe.
2. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati. Ubavuni hapaumi sana.
3. Usikamue kidole kwa nguvu. Kikigoma, ning'iniza mkono chini, kisha jaribu tena.
4. Soma, andika namba, saa, na kama umekula au hujala. Namba isiyo na saa haimsaidii daktari.
5. Lanseti iingie kwenye chupa ngumu, kifuniko kifungwe. Chupa ikijaa irudishe kituoni. Usiitupe jalalani watoto wanapookota vitu.

Stripu zikiwa chache, usizimalize zote asubuhi. Wiki hii pima kabla ya kula asubuhi kwa siku mbili, wiki ijayo pima saa mbili baada ya chakula kikuu. Wengi wetu tuna asubuhi nzuri na jioni mbaya, kwa sababu mlo mzito ni wa usiku.

Umefanikiwa ukiona: namba nyingi za kabla ya kula ziko kati ya 4 na 7, na za saa mbili baada ya kula hazivuki 10. Mzee sana, au aliyewahi kuanguka kwa sukari kushuka, apangiwe lengo lake.

## Hatua ya 4: Panga dawa zisigombane

Metformini na dolutegraviri. Dolutegraviri inazuia njia ambazo figo hutumia kuitoa metformini mwilini. Matokeo yake, dozi ileile ya metformini inakuwa nyingi zaidi kwenye damu. Ndiyo maana miongozo mingi ya tiba inasema anayetumia TLD asivuke miligramu 1,000 za metformini kwa siku, yaani kidonge cha 500 asubuhi na cha 500 jioni. Ukiandikiwa 850 mara tatu na hujamwambia daktari kuhusu TLD, kuharisha na kichefuchefu havikosi, na figo zikiwa dhaifu hatari ni kubwa zaidi. Onyesha daftari. Kama 1,000 hazitoshi, jibu ni kuongezewa dawa ya aina nyingine, na hilo ni la daktari.

Metformini ianze kwa dozi ndogo, ipande polepole, imezwe katikati ya chakula au mara tu baada ya kula. Tumbo huzoea ndani ya wiki mbili tatu. Wanaoiacha siku ya tatu wanakuwa wameteseka bure.

Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini, madini ya chuma na kalsiamu. Hizi hung'ang'ania dolutegraviri tumboni isiingie kwenye damu. Meza TLD masaa 2 kabla yake au masaa 6 baada yake. Chuma na kalsiamu unaweza kuvimeza pamoja na TLD endapo vyote vinamezwa na chakula. Dawa hizo za kiungulia hazina msamaha huo.

Glibenklamaidi, gliklazaidi na ndugu zao. Hivi ni vidonge vya sukari vinavyokamua kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Kanuni ni moja: hakuna chakula, hakuna kidonge. Septrini, dawa ya kukinga maambukizi ambayo baadhi ya watu wa CTC wanaimeza kila siku, na flukonazo ya fangasi, zote huweza kuziongezea nguvu dawa hizi na kukushusha sukari. Ukianzishiwa mojawapo, jipime mara nyingi zaidi wiki hiyo. Pombe bila chakula hufanya vilevile.

Dawa za kifua kikuu. Mojawapo, rifampisini, huharakisha mwili kuvunja dawa nyingi. Dolutegraviri huongezwa iwe asubuhi na jioni, na dawa za sukari za jamii ya glibenklamaidi hupungua nguvu. Usishangae sukari ikipanda. Mwambie daktari wa TB una kisukari siku ya kwanza. Kisukari chenyewe kinaongeza uwezekano wa kupata TB, kwa hiyo kikohozi chochote, hata cha siku tatu, kitajwe kliniki.

Ukiwa kwenye ARV zenye ritonaviri (wengi ni wa mstari wa pili, yaani waliobadilishiwa baada ya dawa za kwanza kushindwa): dawa ya mafuta ya damu iitwayo simvastatini isimezwe nayo kabisa. Zipo nyingine zinazofaa.

Insulini bila friji. Chupa ambayo haijafunguliwa inahitaji baridi ya nyuzi 2 hadi 8, basi iache kituoni au kwa mtu mwenye friji, na isiguse barafu. Insulini iliyoganda ni ya kutupa. Inayotumika hukaa takriban siku 28 chini ya nyuzi 30, ila Dar es Salaam au Tanga mwezi Februari chumba cha bati hakikupi nyuzi 30. Weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, uumwagilie maji asubuhi na jioni. Insulini iwe ndani ya kopo kavu lenye kifuniko, kopo ndani ya chungu kidogo, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Inayotakiwa kuwa angavu ikiwa na ukungu, itupe. Ile yenye rangi ya maziwa iviringishe viganjani, usiitikise, na ikiwa na mabonge itupe.

Za kienyeji. Sitakutukana kwa ajili ya mlonge. Lakini karela, lile tunda chungu, inaweza kushusha sukari kweli, na juu ya glibenklamaidi inaweza kukuangusha. Ungaunga usio na jina, unaouzwa kwenye basi kwamba unatibu "sukari, presha na UKIMWI", uache kwa muuzaji.

Umefanikiwa ukiona: unaweza kumwambia mtu, bila kuangalia, ni dawa gani na saa ngapi, na hakuna inayokutapisha.

## Hatua ya 5: Chakula, na hofu ya kukonda

Tuseme wazi lisilosemwa kliniki. Mtu anayeishi na VVU anaogopa kukonda kuliko anavyoogopa sukari. Mtaani, "siku hizi umepungua" si salamu. Akiambiwa apunguze kilo tano anaitikia "sawa daktari", akifika nyumbani anaongeza uji. Tena uji wenyewe ni ule wa lishe, wenye sukari vijiko vinne, aliofundishwa enzi alipokuwa amelala kitandani na uzito umeshuka. Ulimfaa wakati ule. Sasa virusi vimefubaa, mwili umerudi, na uji ule ndio unaomuumiza.

Usianze na mizani. Anza na kikombe: soda, juisi za boksi na sukari ya kwenye chai viondoke kwanza. Kwa wengi hilo peke yake linashusha namba za jioni, na hakuna jirani atakayegundua.

Kisha sahani. Igawe kwa jicho: nusu mboga (mchicha, matembele, kabichi, bamia), robo ugali au wali au ndizi au mihogo, robo maharage, kunde, dagaa, samaki, kuku au yai. Ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe kwa sababu una kapi, lakini mlima wa dona bado ni mlima. Kiasi cha ngumi yako kinatosha. Viazi mbatata havihesabiwi mboga. Na ukila chapati na wali pamoja, umekula robo mbili.

Tembea dakika 30, mwendo wa mtu anayewahi daladala, siku tano kwa wiki.

Ukipungua taratibu, kilo moja mbili kwa mwezi, huku sukari inashuka na unakula vizuri, huo ni upungufu mwema. Ukipungua kwa kasi huku kiu iko palepale, rudi Hatua ya 2.

Mwezi wa Ramadhani. Zungumza na daktari mwezi mmoja na nusu kabla. TLD haisumbui, imeze kwa futari kila siku. Walio kwenye insulini au glibenklamaidi ndio wenye hatari, na wengine wataambiwa wasifunge. Ukifunga, endelea kujipima. Wanazuoni wengi wanasema kutoboa kidole hakufunguzi. Chini ya 3.9 au juu ya 16.7, funga imekwisha, fungua hapohapo.

## Hatua ya 6: Sukari ikishuka

Kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, hasira zisizo na sababu, maneno kuchanganyika. Ikiwa chini ya 4.0, au huna mashine lakini dalili zipo:

1. Koroga vile vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, kunywa. Au nusu chupa ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari.
2. Subiri dakika 15, pima tena. Bado chini? Rudia.
3. Ikipanda, kula kitu cha kushiba: ndizi, mkate, kiporo cha ugali.

Aliyezimia asinyweshwe chochote, atapaliwa. Mlaze ubavu, mpeleke hospitali. Fundisha mtu mmoja wa nyumbani haya. Hana haja ya kujua habari za CTC ili akuokoe na sukari.

## Hatua ya 7: Figo, miguu, macho

Figo zako zinachapwa pande mbili, na kisukari na, kwa baadhi ya watu, tenofoviri. Omba vipimo vya figo, yaani kreatinini ya damu na protini ya mkojo, angalau mara moja kwa mwaka. Kreatinini ikipanda kidogo wiki za mwanzo za TLD, mara nyingi ni dolutegraviri inayobadilisha namba bila kuumiza figo. Ikiendelea kupanda baadaye, hapo si mchezo. Na dawa za maumivu kama diklofenaki za kununua ovyo kwa ajili ya mgongo ziache: pamoja na tenofoviri zinaweza kuua figo.

Presha iwe chini ya 140/90. Wengi daktari atawataka 130/80.

Miguu ikaguliwe kila usiku, nyayo kwa kioo, katikati ya vidole kwa mkono. Ganzi miguuni usiilaumu sukari moja kwa moja. Inaweza kuwa ya VVU vyenyewe, ya dawa ya kukinga TB (isoniazidi) iliyomezwa bila vitamini B6, au ya metformini ya miaka mingi iliyopunguza vitamini B12. Sababu hizo mbili za mwisho zina tiba rahisi, ndiyo maana inafaa kuuliza. Maji ya kuoga jaribu kwa kiwiko, si kwa mguu wenye ganzi.

Macho: daktari wa macho mara moja kwa mwaka, hata kama unasoma gazeti vizuri.

## Hatua ya 8: Siku ya kuugua, na tarehe za kliniki

Ukitapika au kuharisha kiasi cha kushindwa kunywa maji, simamisha metformini na uwasiliane na kliniki siku hiyo. Insulini usiisimamishe, ARV usizisimamishe. Nenda hospitali bila kusubiri kukiwa na mojawapo ya haya: sukari juu ya 15 pamoja na kutapika, mashine inaandika HI (sukari iko juu mno isomeke), pumzi nzito zenye harufu kama ya matunda yaliyooza, usingizi usio wa kawaida, au kidonda cha mguu kinachonuka.

Tarehe nazo zinaleta shida. ARV unaweza kupewa za miezi mitatu hata sita, bure. Kliniki ya sukari inakuita kila mwezi, na mara nyingi dawa unanunua. Nauli ikipungua, inayokatwa ni kliniki ya sukari. Mwambie muuguzi wa CTC hivi: "Naomba tarehe yangu iangukie siku ya kliniki ya sukari." Vituo vingi vinaweza, ila havitakuuliza. Nunua dawa ya sukari ya siku saba zaidi ya unazohitaji kila unapoweza, ili mwezi mgumu ukufikie ukiwa na akiba.

Jalada la nyuma la daftari andika namba ya simu ya mtu mmoja, na umwonyeshe daftari linakaa wapi.